Michenza Iliyozaa Malimau

Connie alihamishwa mara saba katika kazi yake ya uuguzi, na kila kituo alichopelekwa alipanda mti. Mahali pengine ulikuwa mparachichi, pengine mpera, pengine mpapai nyuma ya nyumba za watumishi. Hakuwahi kula tunda la hata mmoja. Barua ya uhamisho ilikuwa ikifika mti unatoa maua, na yeye anaanza kufunga magodoro. Ndiyo maana alipostaafu, akatulia na mumewe Gasana katika nyumba yao ya Gisenyi, alijiwekea nadhiri kwamba mbele ya nyumba hii atapanda miti ya matunda, ataiona ikizaa, na safari hii hakuna barua itakayomng'oa.

Nafasi yenyewe ililetwa na balaa. Mitetemeko ya ardhi ya Mei 2021 iliangusha ukuta mrefu uliokuwa ukiikinga nyumba na barabara. Gasana, mwanajeshi mstaafu asiye na maneno mengi, alitaka kuujenga upya palepale na kwa urefu uleule. Connie akakataa. Alitaka ukuta mfupi wa kufika magotini, ili apitaye njiani aone ndani.

"Aone nini?" Gasana aliuliza.

"Aone miti yangu."

"Miti gani?"

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Connie alijua anachokitaka, ila hakujua kinaitwaje. Alitaka miti miwili, mmoja kila upande wa lango, isiyorefuka kupita paa, yenye majani ya kijani mwaka mzima, maua yenye harufu, na matunda yanayong'aa kwa mbali kama taa. Alimweleza hivyo jirani yake Saidati, fundi cherehani wa ukoo wa Kiislamu uliofanya biashara katika mji huu tangu enzi za mababu. Saidati aliupenda sana mpango huo, kisha akakataa mti mmoja baada ya mwingine.

"Avoka hapana," alisema kuhusu mparachichi, huku akitoa pini mdomoni. "Avoka ikianguka juu ya bati, utafikiri ni bomu. Na watoto watapiga mawe kila siku."

"Basi mwembe."

"Embe huku inatoaka maua tu. Baridi inaikatala."

"Mpera?"

"Ile ni chakula ya popo na inzi."

"Mkomamanga, je?" Connie aliutaja wa mwisho kwa sababu ndio aliokuwa akiutamani hasa, kwa yale maua yake mekundu.

Saidati alichomeka pini kwenye kitambaa. "Bibi yangu alikuwa nayo. Mvua ilikuwa inaozesha matunda yote mbele ya kuiva. Maua iko muzuri, sikatai. Lakini utakula maua?"

Gasana naye alisema apande chochote, na kila alipotajiwa hicho chochote alikuwa na neno. Mforosadi utachafua ngazi. Mpapai si mti, ni mboga iliyorefuka. Connie alikaa wiki tatu na daftari lenye majina ya miti yaliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na ile nafasi ya mbele ikabaki na kifusi, na mwenyekiti wa mudugudu, yaani kijiji chao, akaanza kuuliza kwa adabu ni lini uso wa nyumba utapendeza.

Alikwenda Cyanzarwe kwa pikipiki, kwenye kitalu cha miche cha mtu aliyeitwa Kayitare. Alikuwa na miaka kama arobaini, mpole, na vidole vyake vilikuwa vimeingia udongo hata kwenye mikunjo. Mara ya kwanza Connie alirudi mikono mitupu. Mara ya pili alirudi na kichwa kinamuuma. Mara ya tatu Kayitare alimpeleka nyuma kabisa ya kitalu, akamwonyesha michenza miwili iliyosimama kwenye mifuko myeusi, majani yake yakimeremeta kana kwamba yamepakwa mafuta.

"Hii sasa, mama," alisema. "Mandarini. Haiendi juu sana. Maua yake inanukia nyumba yote. Na ikizaa, mutu akiwa kwa barabara anaiona."

Connie aliinama akanusa jani. Moyo wake ulitua kwa mara ya kwanza tangu ukuta uanguke.

"Lakini iko grefe," Kayitare aliendelea. Alimwonyesha kifundo kilichokuwa karibu na udongo, kilichofungwa utepe. "Chini ni limau, juu ni mandarini. Nimeviunga. Donc, kama kunaota kitu kwa chini, yenye iko na miiba, ukate. Ya juu uache. Hata kama ya chini iko na nguvu, ukate."

Connie alikuwa amelelewa Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake walikuwa wakimbizi, na Kiswahili alikisoma shuleni kwa fimbo. Kiswahili cha Gisenyi kilimwasha masikioni mpaka leo. "Si 'iko na nguvu,' Kayitare," alisema. "Ni 'ina nguvu.' Na si 'mutu,' ni 'mtu.'"

"Ndiyo, mama. Ina nguvu."

"Umeona? Si vigumu."

Mwenye pikipiki alipiga honi barabarani. Connie akalipa, akaipakata miche yake kama watoto mapacha, akaondoka akiwa na furaha ya kupata miti na furaha ndogo zaidi ya kumsahihisha mtu.

Kuchimba mashimo kulichukua siku mbili. Chini ya udongo wa Gisenyi kuna makoro, yale mawe meusi ya volkano, na Gasana aliyapiga kwa mtaimbo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakulalamika. Alipomaliza alisimama, akapima kwa macho umbali wa kila mti kutoka langoni, akausogeza mmoja kidole kimoja kushoto. Connie alimpenda sana siku ile.

Mvua ya mawe ya Aprili mwaka uliofuata ndiyo iliyoharibu mambo. Ilinyesha mchana kwa dakika kumi tu, lakini ilipopita michenza ilikuwa imebaki vijiti. Connie aliihudumia kama wagonjwa. Aliimwagilia, akaiwekea mbolea ya ng'ombe kutoka Bugeshi, akaifunika kwa magunia baridi ilipozidi. Baada ya mwezi, machipukizi mazito ya kijani yakachomoza chini ya kila shina na kupanda kwa kasi. Pembeni yake vile vijiti vya juu vilikuwa na majani mawili matatu ya manjano. Connie alivitazama kila asubuhi kwa wiki nzima. Kisha akachukua mkasi wa kukatia maua, akaufuta kwa spiriti, akavikata vile vijiti vilivyodhoofika, ili nguvu yote iende kwenye kilicho hai.

Gasana alikuwa amekaa kibarazani. "Una hakika ndivyo?"

"Nimekata na kushona watu miaka thelathini na mitano," Connie alijibu. "Kilichokufa hukiachi juu ya kilicho hai."

Gasana akarudi kwenye redio yake.

Miti ikakua. Lo, ilikua. Mwaka wa pili ilimpita Connie kimo, mwaka wa tatu ilifika kwenye bati. Haikuwa na lile umbo la mviringo aliloahidiwa. Ilirusha matawi huku na huku kama mtu anayegombana, na kila tawi lilikuwa na miiba mirefu kama sindano za magunia. Mwiba mmoja ulimpasulia Saidati mtandio wake mpya wa Idi alipopita langoni. Mwingine ulimchoma Gasana karibu na jicho. Binti yao Ingabire alipokuja kutoka Kigali na wageni wake, ilibidi waingie mmoja mmoja kwa ubavu, wameshika nguo zao.

"Mama, huu ndio urembo?" Ingabire aliuliza.

"Subiri izae," Connie alisema.

Ikazaa mwaka 2025. Maua yalitoka, meupe yenye madoa ya zambarau, na kwa wiki mbili Connie alikaa kibarazani akiyanusa. Kisha vitunda. Kisha matunda. Akayangoja yageuke rangi, na yakageuka, lakini hayakuwa na ile rangi ya chungwa lililoiva. Yakawa ya njano, makubwa, yenye ngozi ya vipele na mabonde kama ngozi ya chura. Siku alipochuma la kwanza, alimwita Gasana na Saidati, akaleta sahani na kisu. Alikuwa hajawahi kuchuma tunda la mti wake mwenyewe, naye alikuwa na miaka sitini na minne.

Walionja wote watatu kwa pamoja. Saidati ndiye aliyetangulia kukunja uso.

"Limau," alisema. "Tena limau mbaya."

Connie alikata la pili, na la tatu, akaenda upande wa pili wa lango akachuma huko pia. Yote yalikuwa malimau, yenye ganda nene na maji kidogo. Aliweka kisu chini polepole. Ilimpanda hasira ya miaka minne na ya vituo saba kwa wakati mmoja.

"Kayitare," alisema.

"Ngoja kwanza," Gasana alianza, lakini mkewe alikwisha kuingia ndani kuchukua kitambaa cha kichwa.

Siku hiyo ilikuwa ya soko, na Kayitare alikuwa amepanga miche yake pembeni ya barabara, wanawake watano sita wakiwa wameinama wanachagua. Connie alishuka kwenye pikipiki na mfuko wa malimau. Hakusalimu. Aliyamwaga yote miguuni pake, yakaviringika katikati ya miche.

"Haya ndiyo machenza yako," alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia wodini watu wakileta fujo. "Miaka minne nimemwagilia malimau. Umeniibia miaka minne, Kayitare. Wewe ni mwongo na mwizi, na hawa kina mama wajue."

Kayitare aliokota limau moja, akaligeuza. "Mama, mi sikukuuzishia limau."

"Yameota yenyewe?"

"Sijasema hivyo. Bon, acha nikuje nyumbani niangalie muti."

"Usikanyage kwangu," Connie alisema, na hakusahau kuongeza, "Na ni 'mti.'"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika miche miwili ya parachichi aliirudisha chini taratibu, akaondoka. Wa pili akamfuata.

Hata hivyo haikumtosha. Kwa wiki mbili Connie aliisimulia habari hiyo kila mahali, kwenye chama cha wastaafu, kanisani baada ya ibada, hata kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akiwa amesimama na jembe. Kila alipoisimulia alidhani itapungua uzito, lakini kila alipofungua lango lake miiba ilikuwa palepale. Alitaka kuikata miti yote miwili, kisha akaona kwamba akiikata atakuwa hana kitu kabisa. Alilala vibaya. Alimkaripia Gasana kwa sababu ya kikombe.

Alhamisi moja asubuhi Kayitare alikuja bila kualikwa. Alisimama nje ya ukuta mfupi na kofia mkononi, akamsalimu Gasana kwa Kinyarwanda, na Gasana, kabla mkewe hajafika mlangoni, akamfungulia.

"Dakika mbili tu, mama," Kayitare alisema. "Nikikuta kosa ni yangu, nitakuletea ingine na nitachimba mwenyewe."

Alipiga magoti chini ya mti wa kushoto, akaingiza mkono kati ya miiba kama mtu aliyezoea, akaanza kukwangua udongo na majani makavu kwenye shina. Alikwangua taratibu. Kisha akasogea pembeni ili waone. Palikuwa na kisiki kidogo cheusi, kinene kama kidole gumba, kimekatwa safi, na gome la mti mpya limekizunguka karibu kukimeza. Chini yake kidogo kile kifundo kilikuwa bado kinaonekana.

"Mandarini yako ni hii," alisema. "Mutu aliikata. Akaacha ile ya chini."

Alikwenda mti wa pili, akakwangua, na kisiki kilikuwa palepale, chenye jeraha lile lile safi, la mkato mmoja, la mkono unaojua kukata.

"Ni nani alikataka?" Kayitare aliuliza, bila ukali.

Connie alihisi macho ya Gasana ubavuni mwake, ingawa Gasana alikuwa akitazama barabarani. Alikumbuka spiriti. Alikumbuka mkasi. Zaidi ya yote alikumbuka pale nyuma ya kitalu, Kayitare akimwonyesha utepe na kumwambia jambo, na yeye akisikiliza sarufi. Maneno yenyewe yalikuwa yamepita kando ya kichwa chake kama upepo. *Hata kama ya chini ina nguvu, ukate.* Alikuwa amelisahihisha neno hilo na kulitupa.

"Kulikuwa na mvua ya mawe," alisema.

"Eeh. Mvua ya mawe inaua majani. Mizizi na shina inabakiaka."

"Vilikuwa vimekufa. Vilikuwa na majani matatu."

"Matatu inatosha, mama," Kayitare alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomwuma zaidi. Laiti angefoka, Connie angepata pa kushikia.

Aliingia ndani. Alikaa kitandani na viatu vyake, akajikasirikia. Miaka thelathini na mitano alikuwa akiwafundisha wauguzi wachanga kwamba mgonjwa asiyejua kusema vizuri ndiye wa kusikilizwa mara mbili. Gasana alikuja akasimama mlangoni.

"Ulijua," Connie alimwambia.

"Nilishuku."

"Mbona hukusema? Wiki mbili namtukana mtu mji mzima, umekaa kimya?"

"Nilikuuliza siku ile ukikata. Nikakuambia ngoja siku ile ukienda sokoni." Alisugua lile kovu dogo karibu na jicho. "Mama Ingabire, kukuambia kitu ni kazi."

Angeweza kumjibu. Maneno yalikuwepo, tena makali. Badala yake alivua viatu, akavivaa tena, akatoka nje.

Kayitare alikuwa bado yupo, amechuchumaa, anaangalia matawi kwa jicho la fundi. Connie alisimama mbele yake. "Ni mimi niliyekata," alisema. "Uliniambia, na sikukusikiliza. Nisamehe, bwana Kayitare."

"Imepita, mama."

"Haijapita. Watu wamesikia."

Kayitare hakubisha. Alisema tu kwamba msimu huu ni mbaya, miche mingi imebaki kwenye mifuko, mizizi inajikunja. Aliyasema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Siku ya soko iliyofuata Connie alikwenda. Alikuwa amejiandaa kusema maneno marefu, lakini pembeni ya barabara palikuwa na wanawake wawili tu, wageni, wasiojua habari yoyote ya malimau. Wale aliowafukuza hawakuwepo. Ilimbidi awatafute. Mmoja alimkuta soko la nguo, akamweleza. Yule mama akasema sawa, lakini parachichi amekwisha kununua kwingine. Kwenye chama cha wastaafu walicheka, na mmoja akasema labda Kayitare amempa kitu ili abadilishe maneno. Habari ya kwanza ilikuwa imesambaa kwa siku moja. Hii ya pili alikuwa akiibeba mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila mahali ilionekana ndogo kuliko ile. Alirudi jioni miguu imevimba, na hakuna aliyemwambia amefanya vizuri.

Mvua za Septemba zilipoanza, Kayitare alikuja na msumeno, kisu chenye makali kama wembe, na vijiti vya mchenza vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi. Aliikata miti yote miwili chini ya goti. Matawi yale yote ya miaka minne yalilala uani, na Gasana aliyaburuta moja moja kwa glavu. Uso wa nyumba ukabaki mtupu kama siku ile ukuta ulipoanguka. Connie alitaka kulia, lakini Kayitare alimwita.

"Kuja uangalie, mama. Ujue."

Connie akachuchumaa. Safari hii alinyamaza. Kayitare alichana gome, akachonga kijiti kama kalamu, akakichomeka, akafunga kwa utepe wa plastiki kwa nguvu, akasema kila hatua kwa lugha yake, na Connie akarudia kila hatua kwa lugha ileile ili asikosee. Aliuliza maswali mawili. Aliyaandika majibu kwenye daftari.

"Itachukua muda gani kuzaa?"

"Miaka mbili, tatu. Mizizi iko kubwa sasa, itasukuma."

Miaka mitatu. Atakuwa na sitini na saba. Alifunga daftari. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila yeye mwenyewe.

Wiki ya nne Kayitare alirudi kufungua utepe. Mti wa kushoto ulikuwa umeshika. Kijiti kilikuwa na jicho la kijani, dogo kama punje ya mtama. Alifungua wa kulia. Kijiti kilikuwa cheusi, kimenyauka, na alipokigusa kikatoka mkononi.

"Huu umekatala," alisema.

"Nilifanya kitu?"

"Hapana. Hii ni muti tu. Ingine inakatalaka."

Connie aliutazama kwa muda mrefu. Upande mmoja wa lango ungekuwa na mchenza, na upande mwingine kisiki cha limau kilichokwisha kuanza kutoa miiba mipya. Hasira ikamrudia, ile ile, ila safari hii hakujua aielekeze wapi, basi akaishikilia tu, kama mtu anayeshikilia sufuria ya moto bila kuona pa kuitua.

"Machipukizi hayo niyakate?" aliuliza.

"Acha mbili za nguvu. Nitakuja Machi, tutarudilia juu yake."

"Mbili. Zingine nikate."

"Zingine ukate."

Aliandika. Kisha akasimama, akasukuma mlango wa sebuleni, akamwambia Kayitare aingie anywe chai. Kayitare alitazama viatu vyake vyenye udongo, akasita, akavivua, akaingia.